Ti, ti, pu

Mkaguzi aliigeuza bisibisi, akagonga kwa mpini kwenye kizingiti cha mlango wa abiria. Ti. Akasogea kidogo kuelekea nyuma, akagonga tena. Ti. Akasogea mpaka karibu na tairi la nyuma, pale ubavu wa gari unapoanza kupinda. Pu.

Hakusema kitu. Aliigeuza bisibisi upande wa ncha, akaiegemeza pale pale bila hata kuisukuma, nayo ikazama kama kijiti kwenye tope. Vumbi la kahawia likamwagika sakafuni, likafanya kijilima kama unga unaodondoka kwenye mlango ulioliwa na bungua.

"Mama," akaniita, "hebu sogea uone mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari wa njano, mahali wenye magari wanapotakiwa kusubiri, nimekunja mikono kama mtu asiye na wasiwasi. Nikavuka mstari, nikainama, nikachungulia. Ule ubavu ambao kila Jumamosi nilikuwa nikiuosha, nikiupaka nta na kuupiga picha ulikuwa gamba tupu. Rangi ilikuwa inashikiliwa na rangi.

Huo ulikuwa ukaguzi wa mwaka jana. Gari lilifeli, na lilistahili kufeli.

Chapa yake sitaitaja, maana sisi wenye magari ya aina hii tukisikia jina tu tunaanza ubishi wa chapa na mkasa hausikilizwi tena. Wanaolijua watalijua. Ni la watu wawili, paa lake ni turubai la kukunja, injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito wake haufiki tani moja. Lilitoka kiwandani mwaka 1994. Taa zake kubwa zimelala ndani ya boneti, ukibonyeza swichi zinachomoza kama macho ya chura. Watoto wanalipenda. Watu wazima wananiuliza mizigo naweka wapi.

Na kila ninayemwambia kwamba gari la umri huu linatakiwa kupita ukaguzi kila mwaka, swali lake la kwanza huwa ni injini. Injini ni nzima. Injini za magari haya kwa kawaida huwa nzima, kwa sababu zilijengwa zivumilie mtu wa kukanyaga mafuta mpaka mshale uguse wekundu, na sisi tuliobaki nazo siku hizi tunaziendesha kama tunasindikiza harusi. Katika miaka yote niliyokuwa nalo, hakuna mkaguzi aliyelifelisha gari langu kwa sababu ya kitu kilichotumika mno. Vitu vyote vilivyolifelisha vimeharibika gari likiwa limesimama, limefunikwa vizuri, linapendwa.

Nililielewa hili taratibu mno, na limenigharimu. Gari la kazi, linaloamka alfajiri na kurudi usiku, huwa na afya ya aina yake. Diski za breki zinasuguliwa kila siku kwa hiyo kutu haipati nafasi ya kukaa. Grisi inazunguka. Mpira unakunjwa na kukunjuka, haukauki. Moto wa ekzosi unafukuza unyevu. Gari la raha, lililolala wiki tatu likisubiri siku ya jua, linaoza kimya kimya kama nyumba isiyokaliwa na watu.

Ndiyo maana huwa nabishana na sheria moja ya Uingereza. Walipoanzisha ukaguzi wa lazima mwaka 1960, uliyahusu magari yaliyotimiza miaka 10, na ulitazama breki, taa na usukani basi. Mwaka 1967 umri ukashushwa hadi miaka 3, ukabaki hapo. Lakini tangu Mei 2018 wameufungua upande wa pili: gari lililotimiza miaka 40, kama halijabadilishwa sana, halilazimiki tena kukaguliwa. Hoja yao ilikuwa kwamba magari hayo hutunzwa vizuri na huendeshwa mara chache. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Hiyo "mara chache" ndiyo ugonjwa wenyewe! Wajerumani hukagua kila baada ya miaka 2, Wajapani baada ya miaka 3 ya mwanzo huendelea kila miaka 2, na mimi kwa gari langu hili hata ningeambiwa kila miezi sita nisingelalamika. Sawa, ningelalamika, lakini ningepeleka.

Turudi kwenye ile pu.

Gari la paa la turubai lina siri ambayo muuzaji hakuambii. Mvua ikinyesha, maji hayaishii juu ya turubai. Yanateremka hadi kwenye mfereji uliojificha nyuma ya viti, kisha yanaingia kwenye mirija miwili, mmoja kila upande, inayopita ndani ya bodi na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Mirija ikiwa safi, husikii lolote. Ikiziba kwa majani, vumbi na nyuzi za turubai lenyewe, maji yanafurika kwenye mfereji, yanatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni ndani ya vizingiti vya milango. Humo yanakaa. Kutu yake huanzia ndani ikatokea nje, kwa hiyo siku unapoona malengelenge madogo kwenye rangi, ujue imeshakula kwa miaka na sasa inapiga hodi kutoka upande wa pili.

Mimi sikuegesha nje kwenye mvua. Nilijivunia hilo. Lakini kila Jumamosi nilikuwa nalimwagia maji kwa mpira dakika ishirini nzima, kisha nalifunika. Mvua ya gari langu nilikuwa mimi.

Dawa yake ni ya kijinga kwa urahisi. Unamimina kikombe kimoja cha maji kwenye mfereji, unainama, unatazama kama yanatoka chini. Yasipotoka, unazibua kwa uzi wa nailoni, ule mnene wa mashine ya kukatia nyasi. Usitumie waya. Waya unatoboa mrija, na hapo umehamisha tatizo kutoka kuziba hadi kuvuja, tena mahali usipopaona.

Fundi wangu ni kijana asiyeongea sana. Alilipandisha gari juu, akavua miwani ya jua, akaanza naye kugonga kwa mpini kama alivyofanya mkaguzi, ila yeye alifumba macho. Ti, ti, ti, pu, pu, ti. Akachora kwa chaki mpaka pu ilipoishia. Nilitarajia kiraka cha ukubwa wa kiganja. Chaki yake ilifika urefu wa mkono, kuanzia bega mpaka ncha za vidole.

"Dada, hapa tunakata mpaka tukute bati linalolia."

Kabla ya kukata alifanya jambo ambalo nisingelifikiria. Alichukua bomba la chuma, akalichomelea kwa muda kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi nguzo ya nyuma, likakingama kwenye uwazi wa mlango kama komeo. Nikamuuliza la nini. Akaniambia gari la paa la bati lina mgongo juu, hili halina. Ukikikata kizingiti bila kulishika, katikati inazama kidogo, milimita chache tu, na ukimaliza kuchomelea unakuta mlango haufungi tena maisha yake yote. Kwenye gari kama hili vizingiti ndivyo mgongo. Hapo ndipo nilipoacha kumwona mkaguzi kama mtu wa visirani. Alipoweka ncha ya bisibisi pale, alikuwa anaugusa uti wa mgongo, tena karibu na mahali mkanda wa kiti unapofungwa. Mwongozo wa Waingereza unaitaja kabisa: kutu kubwa ndani ya sentimita 30 kutoka mahali mkanda, springi au usukani unaposhikiliwa ni sababu ya kufelisha. Ukifikiria gari likigonga na mwili wako ukining'inia kwenye mkanda huo, sentimita 30 hazionekani nyingi.

Msumeno ulipofungua ubavu, tulikuta historia. Chini ya rangi, puti. Chini ya puti, wavu wa waya. Nyuma ya wavu, ili puti isitumbukie, mtu alishindilia magazeti. Fundi alilivuta bonge lenye unyevu, akanipa. Nilikunjua ukurasa mmoja taratibu. Ulikuwa wa mafumbo ya maneno, umejazwa nusu kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma enzi za viboko. Alikwama kwenye kumi na nne kushuka. Sijui ni mwenye gari aliyetangulia au ni fundi wake wakati anasubiri puti ikauke, lakini kwa miaka kadhaa nimeendesha kwa kasi huku uti wa mgongo wa gari langu ukiwa fumbo la maneno.

Puti si dhambi. Puti ni ya kulainisha mkwaruzo, kama poda usoni. Dhambi ni kuifanya mfupa. Na wanunuzi tunaichochea dhambi hiyo wenyewe, kwa sababu tunakagua gari kwa macho na picha, hatugongi. Sumaku ndogo mfukoni ingetosha: kwenye bati inanata, kwenye puti nene inaanguka. Tangu siku ile natembea nayo, na nimeshawaaibisha wauzaji wawili.

Kazi ya bati ilichukua siku tano. Fundi alichomelea mshono mzima, si nukta nukta, akapuliza dawa ya nta ndani, akaondoa lile bomba. Mlango ukajifunga kwa mlio ule ule wa zamani. Alitabasamu kidogo sana, kama mtu asiyetaka uone.

Breki nazo zilikuwa zimefeli siku ile ile, na hizi ziliniuma zaidi kwa sababu nilikuwa na uhakika nazo. Nilikuwa nakanyaga, gari linasimama. Ungetaka nini tena? Mashine ya rola ndiyo ilijibu. Magurudumu ya nyuma yanawekwa juu ya rola, rola inayazungusha, mkaguzi anakanyaga breki, na kioo kinaonyesha kila gurudumu linavuta kiasi gani. La kulia kilonyutoni 1.4. La kushoto 0.8. Kushoto ilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 40, na tofauti inayovumiliwa kwa magurudumu ya ekseli moja, kwa kanuni za Ulaya, ni asilimia 30. Mguu hauwezi kuihisi hiyo. Mguu unajua tu kwamba gari limesimama. Itakayoihisi ni ile siku ya lami yenye maji, kona, na mtu amekatiza mbele yako, na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma likaamua kukuonyesha mkia wake.

Sababu? Handibreki. Niliivuta kila mara nilipoliegesha, kama nilivyofundishwa, kisha nikaliacha hivyo wiki nzima, wakati mwingine mwezi. Kwenye gari hili handibreki inafanya kazi kupitia kalipa za nyuma zenyewe, vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski, na ile ya kushoto ilikuwa imeganda nusu ya njia: pini zake zimekauka grisi, mkono wake haurudi wote. Tulizifungua zote mbili, tukabadilisha mipira, tukapaka grisi ya silikoni, tukairekebisha kwa kile kitundu cha nyuma chenye boliti, ambacho ukikifungua unakuta ndani tundu la ufunguo wa pembe sita. Zungusha mpaka pedi ziguse diski, kisha rudisha kidogo. Ni kazi ya nusu saa ambayo hakuna aliyenifanyia kwa miaka kwa sababu hakuna aliyejua kitundu kipo. Sasa nikiegesha kwa muda mrefu naliacha kwenye gia, naweka vigingi viwili vya mbao, handibreki naiachia.

Tulimwaga na mafuta ya breki pia. Haya hayasubiri kilomita. Yanavuta unyevu wa hewa hata gari likiwa limelala. DOT 4, daraja la mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya kiasi cha asilimia 3 na ushee, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 155. Yaliyotoka kwangu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala.

Liliporudishwa lilipita. Nikatia cheti kwenye droo, nikaapa mwaka unaofuata siendi nikikunja mikono.

Mwaka huu, kwa hiyo, nilijiandaa kama mtahiniwa. Wiki mbili kabla nilipita taa zote, indiketa, taa ya namba ya gari, honi, waipa, na mikanda kuivuta kwa ghafla nione kama inakaba. Hivi sitavielezea, mtu anayefelishwa kwa taa ya namba hana wa kumlaumu. Zile taa za kuchomoza tu ndizo zilinichelewesha. Ya kulia ilikuwa inapanda kwa kusuasua na kuishia chini kidogo ya mwenzake, na mwanga ukawa unamulika vidole vya miguu vya gari lenyewe. Vibushi vya plastiki kwenye mkono wake vilikuwa vimelika. Ni teknolojia ya ajabu ukiifikiria, mota nzima kwa ajili ya kufumbua jicho. Magari ya Cord 810 ya mwaka 1936, ya kwanza kuuzwa na taa za namna hii, hayakuwa hata na mota. Dereva alizungusha mkono wa chuma ndani, mmoja kwa kila taa. Za mwisho kwenye magari ya kiwandani zilikwisha mwaka 2004, Corvette na Lotus Esprit zilipobadilishwa. Yangu ina kinobu chini ya boneti cha kuipandisha kwa vidole mota ikigoma, na nimeshakitumia usiku, kwenye mvua, nikiwa nimevaa nguo za sherehe.

Kisha matairi. Kashata, yaani meno ya tairi, zilikuwa zimejaa, milimita sita kila mahali, wakati kiwango kinachotakiwa nchi nyingi ni 1.6. Rafiki yangu akayasifu. Nikamwomba asome namba nne zilizo mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni: 2311. Wiki ya 23, mwaka 2011. Nikalikunja tairi kwa kidole gumba na nyufa nyembamba zikafunguka kama nyayo za mtu anayetembea pekupeku. Mkaguzi angeweza kuyapitisha kwa angalizo tu, kwa sababu kipimo chake ni kina. Hapo ndipo ukaguzi unapoishia na akili ya mwenye gari inapotakiwa kuanza. Tairi kipara kila mtu anaona limekwisha. Tairi lililokauka likiwa na kashata zote linakudanganya mpaka siku ya mvua. Nilibadilisha yote manne, na moyo uliniuma kuyaona yakiviringishwa kwenda kutupwa yakiwa na nywele kichwani.

Nilifika asubuhi nikiwa nimejaa imani. Mkaguzi alikuwa yule yule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Tumerudi na chura wetu?"

Akagonga ubavu. Ti, ti, ti. Akagonga tena pale pale, kama haamini. Ti. Breki za nyuma, 1.5 na 1.4. Taa zikapanda pamoja. Nikaanza kutafuta ufunguo mfukoni. Kisha akatumbukiza mrija wa mashine ya moshi kwenye ekzosi, akaniomba nishike injini kwenye mizunguko 2,500, akakaa akitazama kioo. Akakaa sana.

"Njoo uone kitu cha ajabu," akasema. Kwa mkaguzi, maneno hayo si mazuri.

Lambda, kipimo cha hewa dhidi ya petroli, 1.06. Kaboni monoksidi asilimia 0.5. Vikomo vya Uingereza kwa magari yenye katalisti (kikopo cha kusafishia moshi), ambavyo vinajulikana sana, ni lambda kati ya 0.97 na 1.03, na kaboni monoksidi isiyozidi asilimia 0.2 kwenye mizunguko hiyo. Kwa hiyo nilikuwa nimefeli mara mbili kwa pumzi moja. Ajabu yenyewe ni hii: lambda ikipita 1 maana yake kwenye moshi kuna hewa ya ziada. Kaboni monoksidi ikiwa juu maana yake injini inapewa petroli ya ziada. Ni kama mtu anayelalamika njaa na kuvimbiwa kwa wakati mmoja.

Fundi mwingine aliyekuwa anasubiri zamu yake alinipa jibu kabla sijamwuliza: katalisti imekufa, weka mpya. Ni jibu la bei mbaya, na nililiogopa, maana ndani ya kile kikopo kuna platinamu, paladi na rodi, na mwenye duka anajua hivyo. Lakini mkaguzi alikuwa anatikisa kichwa. Kazi yake si kutengeneza, hairuhusiwi hata, ila aliniambia sentensi moja huku akiandika karatasi ya kufeli: "Mimi ningetafuta inakoingia hewa."

Jioni fundi wangu aliziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kibichi, injini ikiwa bado ya baridi imewashwa tu, akalala chini. Tukasikia: tss, tss, tss. Mbele, pale ekzosi inapoungana na bomba linaloteremka kutoka kwenye injini. Akapaka maji ya sabuni, vikatoka vipovu vidogo vidogo vya aibu. Msumari mmoja wa nati ulikuwa umeliwa na kutu ukakatika, gasketi imelegea, na kati ya mapigo ya moshi ufa ule ulikuwa unavuta hewa ya nje ndani. Baada tu ya hapo ndipo ilipo sensa ya oksijeni. Sensa inaona hewa nyingi, inaiambia kompyuta injini ina njaa, kompyuta inaongeza petroli, petroli inazidi, na mashine ya mkaguzi kule nyuma inanusa vyote viwili, petroli iliyozidi na hewa iliyopenya. Katalisti haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inapelekewa chakula kibovu.

Nikamuuliza fundi, kutu hii imetoka wapi tena, mbona ekzosi huwa ya moto? Akaniuliza na yeye: "Huwa unaliwashaje?"

Nikamweleza kwa fahari. Kila Jumamosi, baada ya kuosha, naliwasha dakika kumi lipashe injini na kuchaji betri, kisha nalizima.

Alinitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyekuwa anajitibu mwenyewe. Petroli ikiungua inazaa maji. Lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Gari likitembea nusu saa, ekzosi nzima inapata moto na mvuke unatoka wote. Dakika kumi za kusimama hazitoshi. Mvuke unagusa bomba la baridi, unarudi kuwa maji, unakaa humo mpaka Jumamosi ijayo, nilipokuwa naongeza mengine. Betri yenyewe, akasema, hata haikuwa inapata kitu cha maana. Kwa hiyo juu nilikuwa nalimwagia maji kwa mpira, na chini nalinywesha kwa injini.

Gasketi mpya, misumari mipya, saa mbili za kazi. Kesho yake sikwenda moja kwa moja kwenye ukaguzi. Nililiendesha dakika arobaini kwenye barabara iliyonyooka, gia ya tatu, mzunguko juu, kwa sababu katalisti haianzi kazi sawasawa mpaka ipate joto la nyuzi kama 300, na sikutaka kufelishwa na foleni ya kusubiri. Nilipofika feni ilikuwa inazunguka na boneti huwezi kuiwekea mkono. Mkaguzi akatumbukiza mrija. Lambda 1.00. Kaboni monoksidi 0.1. Akageuza kioo upande wangu nione, bila kusema neno.

Akaandika cheti mezani, kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine. Kuna angalizo moja: bushi za mikono ya chini mbele zimeanza kupasuka, bado hazichezi. Nililitegemea, mpira wa mwaka 1994 umefanya zaidi ya nilivyofanya mimi. Kisha akafika kwenye kisanduku cha kilomita. Akaandika namba ya mwaka huu, akatazama ya mwaka jana kwenye kompyuta, akainua miwani.

"Mia nne na kumi na mbili," akasema. "Mwaka mzima?"

"Ndiyo mzee."

"Na kuja hapa na kurudi?"

Nilihesabu kichwani. Mara mbili mwaka huu, pamoja na zile dakika arobaini za asubuhi, na safari za kwa fundi. Zilikuwa karibu nusu.

Hakucheka. Akapiga muhuri, akanipa karatasi, akanionyesha kwa kidevu mlango wa kutokea. Nje lami ilikuwa imelowa, kimvua chepesi bado kinadondoka. Kawaida ningetoa turubai la kufunikia na kumpigia mtu aje na gari jingine. Niliwasha waipa. Kwenye makutano nyumbani ni kushoto. Nilikata kulia.